Kisu cha Mfukoni: Silaha au Chombo?

Wiki chache zilizopita nilikwenda kusali Alasiri katika msikiti mmoja wa mtaa, hapa kisiwani Mombasa. Mahali pa kutawadhia palikuwa na mifereji sita, na mmoja katika hiyo sita ulikuwa ukivuja: tone, tone, tone. Mtu alikuwa ameufunga kitambaa na kuweka ndoo chini yake. Niliuliza, nikaambiwa mfereji ule una majuma matatu katika hali ile. Fundi aliitwa, akaja, akatazama, akachukua pesa za nauli na za vifaa, kisha akaenda zake asirudi. Wanakamati walikuwa wakingojea Ijumaa ili wapitishe mchango.

Mzee mmoja ninayemjua kwa sura tu, ambaye zamani alikuwa baharia wa meli za mizigo, aliinama akautazama ule mfereji. Akafunga koki ya ukutani ili maji yasimame. Kisha akatia mkono katika mfuko wa kanzu akatoa kipande cha chuma kilichokunjwa, kisichozidi urefu wa kiganja. Alipokikunjua, kikawa koleo.

"Babu, hicho ni kitu gani?" akauliza kijana mmoja.

"Ni kisu, mwanangu. Hebu nipa hiyo kandambili ilokatika pale mlangoni. Ina mwenyewe?"

"Haina, babu. Ya siku nyingi hiyo."

Koleo lenyewe lilikuwa dogo na likateleza mara mbili. Mzee akauzungushia mfereji kitambaa, akakaza tena, na kichwa cha mfereji kikafunguka. Ndani mlikuwa na washa ya mpira iliyokwisha kuliwa na maji. Akavuta ubapa wa kisu kutoka ubavuni mwa koleo lile lile, akakata duara dogo katika soli ya ile kandambili, akalitoboa katikati kwa ncha ya chuma kingine, akalipachika na kufunga. Maji yakafunguliwa. Mfereji ukanyamaza.

"Huu mpira ni wa kutuvusha tu," akasema akijifuta mikono. "Kesho mmoja wenu apite duka la vyuma anunue washa yake. Bei yake haishindi vikombe viwili vya kahawa."

Hayo yalinifurahisha. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni neno nililolisikia tulipokuwa tukivaa viatu. Mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, aliyeshuhudia mambo yote yale kwa macho makubwa, alimwambia babake: "Baba, na mimi ninunulie kisu kama kile." Babake akamkata kauli pale pale: "Kisu wakitakia nini wewe? Wataka uwe kama wale wa mapanga?"

Sikumlaumu mzazi yule, wala simlaumu sasa. Lakini nadhani alikosea, na ningependa kueleza kwa nini.

MTUNGI MMOJA KILA SIKU

Kwanza tupige hesabu ya ule mfereji. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone kama elfu nne hivi hujaza lita moja. Basi mfereji ule ulikuwa ukimwaga lita ishirini na ushei kila siku, yaani mtungi mzima kama hiyo tunayouziwa na wachuuzi wa mikokoteni mifereji ya nyumbani inapokauka. Kwa majuma matatu ni mitungi ishirini na zaidi. Na maji ya Mombasa, msomaji, hayatoki jirani. Sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, yakasafiri katika bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka yatufikie. Yamwagike msikitini, mahali ambapo tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha kando ya mto utiririkao!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sote tunaijua methali hii, na watoto wetu huiandika katika insha zao wakapata alama nzuri. Lakini ufa hauzibwi kwa methali. Unazibwa na mtu aliye na kitu mkononi, aliyezoea kukitumia, na ambaye hakuona haya kuinama. Pale msikitini tulikuwa watu arobaini wenye methali na mtu mmoja mwenye koleo.

WAZEE WETU HAWAKUTEMBEA MIKONO MITUPU

Wako wanaodhani kwamba kubeba kifaa mfukoni ni mambo ya Wazungu. Hao hawajaitazama pwani yao vyema. Mgema hakupanda mnazi bila kotama yake kiunoni. Mshona viatu hakutoka bila maharazi. Wanaoshona mikeka na magunia walikuwa na shazia zao, na akina mama wengi wa zamani walifunga katika pindo la leso sindano, uzi, na kijisu kidogo cha kukatia.

Baharini ndiko hasa ilikokuwa lazima. Mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, haikupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo kilichoshonwa hulegea, na kikilegea katikati ya safari hakuna fundi wa kuitwa. Kila baharia alipaswa kujua kukaza kamba na kuziba tundu. Hata baada ya mitepe, majahazi na mashua yamehitaji kazi hiyo hiyo: kalafati ya pamba iliyotiwa sifa ya papa, na deheni ya kupaka chini. Ukienda Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji kinachojulikana kwa waunzi wake, utawaona bado na tezo na keekee. Na Siyu, kisiwani Pate, ilisifika katika karne ya 19 kwa kazi zake za ngozi na za vyuma, visu na majambia yakiwa miongoni mwazo.

Kwa hiyo aliyekuwa na chombo mfukoni hakuwa mhuni. Alikuwa mtu anayetegemewa. Visu vya kukunja vya Sheffield na Solingen walivyokuja navyo mabaharia bandarini vilipokelewa na watu ambao tayari walijua thamani ya ubapa mzuri.

KISU KILIZALIWAJE KIKAWA SANDUKU LA FUNDI

Wazo la kukusanya zana nyingi katika mpini mmoja ni la kale mno. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, kuna kifaa cha Kirumi cha fedha na chuma cha yapata karne ya tatu, chenye kisu, kijiko, uma na vijiti vingine, vyote vikikunjwa pamoja. Lakini kile tunachokijua leo kina historia ya karibu zaidi.

Mwaka 1884 Karl Elsener alifungua karakana ya visu katika kijiji cha Ibach, nchini Uswisi. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa likibadilisha bunduki zake, na bunduki mpya ya mwaka 1889 ilihitaji bisibisi ili ifunguliwe na kusafishwa. Askari pia walikuwa wakila vyakula vya mikebe. Basi jeshi likataka kisu kimoja chenye ubapa, bisibisi, kifungua mkebe na chuma cha kutobolea. Shehena ya kwanza ilitoka Solingen, Ujerumani, kwa kuwa Uswisi yenyewe haikuwa na kiwanda cha kutosha. Mwaka 1891 Elsener akaanza kuvitengeneza nyumbani. Mwaka 1897 akasajili kisu chepesi zaidi cha maofisa, na hapo ndipo ulipo ustadi wake: aliipanga springi moja ishike zana za pande zote mbili za mpini, juu na chini. Kwa njia hiyo zana ziliongezeka bila kisu kunenepa. Mamake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener aliipa bidhaa yake jina lake, na mwaka 1921, kilipoanza kutumika chuma cha pua kisichoshika kutu, likaongezwa neno la Kifaransa la chuma hicho, likawa Victorinox.

Kisu hicho kilikuwa na kila kitu isipokuwa koleo la maana. Upungufu huo ulimkera Mmarekani mmoja, Tim Leatherman. Mwaka 1975 yeye na mkewe walizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati kwa gari kuukuu la Fiat. Gari lilikuwa likiharibika njiani, na mifereji ya hoteli za bei nafuu ikivuja kama ule wa msikitini kwetu. Mfukoni alikuwa na kisu tu. Walipofika Tehran alikata mfano wa kwanza wa wazo lake kwa karatasi ngumu: koleo linalokunjwa, na zana nyingine zikajificha katika mipini yake. Aliporudi kwao alipata hati ya ubunifu mwaka 1980, lakini kampuni alizoziendea zilimkataa. Wengine waliona ni kisu, na wenye visu waliona ni kifaa cha fundi. Hatimaye yeye na rafiki yake Steve Berliner wakaanza kuviuza wenyewe mwaka 1983. Kile alichokuwa nacho mzee wetu kwenye mfuko wa kanzu ni mjukuu wa karatasi ile ya Tehran.

NA KIZIBUO JE?

Najua kuna msomaji atakayeniuliza juu ya kizibuo. Katika visu vingi vya Uswisi upo ule waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe, uliowekwa kwa ajili ya kuzibulia chupa za mvinyo. Yafaa Muislamu atembee nao mfukoni?

Mimi si shekhe na sitoi fatwa. Nasema tu kwamba chuma hakina dini wala kileo. Waya ule ule ndio bora kuliko zana zote katika kufungua fundo la kamba lililokaza, na mvuvi anajua thamani ya jambo hilo usiku wa upepo. Aidha katikati ya waya ule hupachikwa bisibisi ndogo kabisa, ndogo kama sindano, ya kukazia skrubu za miwani. Nimemwona maalim wa chuo ambaye mkono wa miwani yake ulichomoka watoto wakiwa wamekwisha kukaa na misahafu yao, akasaidiwa na bisibisi hiyo kwa nusu dakika. Na asiyeutaka kabisa waya huo, viko visu vya aina hiyo hiyo ambavyo mahali pake pamewekwa bisibisi ya ncha ya msalaba. Hivyo ndivyo vinavyofaa zaidi nyumbani, kwani skrubu nyingi za siku hizi ni za msalaba.

HOFU YA YULE BABA

Sasa nirudi kwa yule mzazi. Hofu yake ina msingi. Kisauni na hata Mji wa Kale zimewahi kusumbuliwa na magenge ya vijana wenye visu na mapanga. Wako waliokatwa wakitoka kazini, na wako waliozika watoto wao. Mzazi anayesikia neno "kisu" akashtuka si mjinga.

Lakini tujiulize: vijana wale walifikaje pale? Je, ni kwa kufundishwa mno kutengeneza mifereji? Kinyume chake. Wengi wao ni vijana ambao mikono yao haikupewa kazi. Hawakupata kumtengenezea bibi mbuzi ya nazi iliyolegea, wala kukaza bawaba ya mlango, wala kusikia mtu mzima akisema, "Ahsante mwanangu, Mungu akupe mikono ya heri." Chuma cha kwanza walichoshika kilikuwa cha kutishia watu. Mtoto tukimnyima chombo kwa kuogopa silaha, tunamwachia mwingine amfundishe kushika chuma, na huyo mwingine hatumjui.

Dini yetu haikuogopa chuma. Imekipa adabu. Tumefundishwa kwamba mtu apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamdhuru mwenziwe. Tumekatazwa kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Tumekatazwa kumpa mtu upanga ukiwa nje ya ala. Tumeamrishwa kunoa kisu kabla ya kuchinja, na mnyama asikione kikinolewa. Mambo haya manne yanatosha kuwa somo la kwanza la kila mtoto anayepewa kisu. Nayaweka kwa lugha ya mfukoni: kisu hukaa kimekunjwa mpaka kazi ianze, hakielekezwi kwa mtu, hupewa mtu kikiwa kimefungwa, na kazi ikiisha hufutwa kikarudishwa.

Tena si lazima mtoto aanze na ubapa. Ziko zana za kukunja zisizo na kisu kabisa, zenye koleo, mkasi, tupa na bisibisi tu. Mtoto wa miaka kumi na mbili aanze na hiyo. Shuleni asiipeleke, kwani huko ina sheria zake. Aitumie nyumbani mbele ya wazazi. Akishaonyesha utulivu, baada ya mwaka mmoja au miwili, apewe yenye ubapa mdogo.

Na mtu mzima naye ajue pa kukibeba na pa kukiacha. Askari anayekupekua usiku hakioni kisu chako kama unavyokiona wewe. Kama huendi kazini nacho, kiache. Katika ndege, tangu mashambulio ya Septemba 2001 kule Marekani, visu havikubaliwi kuingia navyo ndani, na mauzo ya wale Waswisi yalishuka vibaya kwa sababu hiyo. Anayekwenda Umra au Hija akitie katika sanduku linalopelekwa chini na mizigo, si katika mkoba wa mkononi. Nami naungama kwamba nimewahi kupoteza kisu cha babu yangu kwa kusahau jambo hili, katika uwanja ambao sitautaja, na nililia moyoni kwa saa zote za safari.

Jambo moja zaidi. Nimesema mtoto, sikusema mvulana. Msichana ndiye hukaa jikoni na sufuria iliyolegea mpini, na ndiye mwenye cherehani inayohitaji kukazwa skrubu. Kumwacha amngoje kakake arudi barazani ili kumkazia skrubu moja ni kumtesa bure.

UKITAKA KUNUNUA

Siku hizi zana hizi zimejaa madukani na juu ya meza za wachuuzi wa barabarani. Zilizo asili ni ghali, na bandia ni nyingi. Sisemi bandia zote ni mbovu, lakini zijaribu kabla hujatoa pesa. Lifungue koleo ulitazame mwangani: meno yake yakutane sawasawa, yasipishane. Ushike ubapa uliofunguka uutikise ubavuni; ukicheza, uache. Ikiwa una kizuizi cha kuufunga usijikunje, usukume kwa mgongo wake juu ya ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali. Ukijikunja hapo, siku moja utajikunja juu ya vidole vyako. Na usihadaiwe na wingi. Chenye zana thelathini mara nyingi ni kizito na kila zana yake ni nusu zana. Koleo, ubapa, bisibisi mbili, mkasi na tupa zinamtosha mtu wa kawaida maisha yake yote.

Kwetu pwani adui mkubwa ni chumvi. Jina "chuma kisichoshika kutu" limewadanganya wengi. Chuma hicho huchanganywa na madini ya kromiamu, kama asilimia 13 katika visu vingi, nayo hufanya utando mwembamba unaokizuia chuma kuliwa. Chumvi ya bahari hupenya utando huo, hasa mahali pa maungio ambapo unyevu hukaa. Basi kikipata maji ya bahari, au jasho tu, kisuuze kwa maji matamu, kikaushe kikiwa wazi, kisha utie tone moja la mafuta ya cherehani katika kila ungo. Mafuta ya kupikia usitie, kwani hugeuka ulimbo. Kinoo kidogo ukiwa nacho nyumbani, pitisha ubapa mara moja kwa mwezi. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu mtu hukisukuma kwa nguvu kikateleza.

Na ujue mpaka wake. Koleo la mfukoni halifungui nati ya gurudumu, wala bisibisi yake si ya kuingiza katika umeme wa nyumba. Mipini yake ni chuma kitupu, nao umeme haujui kwamba wewe una nia njema. Chombo hiki ni huduma ya kwanza. Mgonjwa akizidi, aende kwa tabibu.

TUTAWANYIMA MAFUNDI RIZIKI?

Rafiki yangu mmoja alinipinga hapo. Alisema kila mtu akijitengenezea, mafundi wetu watakula nini? Naona ni kinyume. Fundi wa kweli hafurahii kuitwa kukaza skrubu moja kisha ukamlalamikia bei. Anayemlia fundi riziki yake ni ile tabia mpya ya kutupa: birika limelegea mpini, tupa, nunua jingine, taa ya jua imeng'oka waya, tupa. Aliyezoea kufungua kitu na kukitazama ndani ndiye anayejua kwamba kinatengenezeka, na ndiye atakayekipeleka kwa fundi kikimshinda.

Ni kweli pia kwamba vitu vingi vya leo vimeundwa visifunguliwe, vikagandishwa kwa gundi mahali pa skrubu. Ulaya wenyewe wamechoka na jambo hilo, na mwaka 2024 Umoja wao ulipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa baadhi ya bidhaa wakubali kuzitengeneza zikiharibika. Sisi tunaopelekewa mabaki ya viwanda vya dunia tuna haja zaidi ya kukataa kutupa.

MAUN

Nimalizie kwa jambo ambalo watoto wetu hulihifadhi chuoni wakiwa wadogo, kisha hulisahau wakiwa na nyumba zao. Sura ya 107 katika Qurani, yenye aya saba tu, inaitwa Al-Maun. Mwisho wake wanakemewa wale wanaozuia "maun". Wako wafasiri waliosema ni zaka. Na wako wengi waliosema ni vile vyombo vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu, ndoo, na mfano wake. Fikiri, msomaji! Katika sura fupi inayowataja wanaomsukuma yatima, umetajwa pia unyimi wa chombo kidogo.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kutengeneza kiatu. Sisi ni nani hata tuone haya kuinama chini ya mfereji?

Zamani nyumba moja ilikuwa na msumeno, nyingine nyundo, nyingine ngazi, na mtaa mzima ulikuwa na karakana kamili bila mtu mmoja kuimiliki yote. Mtoto alitumwa: "Nenda kwa bi mkubwa, mwambie mama aomba koleo." Njia hiyo ya kuazimana ndiyo iliyokuwa ikitujulisha nani mgonjwa, nani hana chakula, nani ana mgeni. Leo kila nyumba imefunga mlango, haina koleo wala haijui jirani anayo au hana. Ninapotetea kisu cha mfukoni sitetei kipande cha chuma. Natetea mtu ambaye wenziwe wakikwama yeye hutia mkono mfukoni.

Nilipita tena msikiti ule Ijumaa iliyopita. Mfereji una washa mpya. Mmoja wa vijana waliokuwepo siku ile aliinunua na kuitia mwenyewe, kwa koleo aliloazima kwa yule mzee. Mchango wa kamati haukupitishwa kwa ajili ya mfereji, ukapitishwa kwa ajili ya mayatima.

Yule baba sikumwona. Lau ningemwona, ningemwambia kwa heshima: Bwana, mtoto wako alikuomba neno la kheri. Mnunulie chombo, ukae naye kitako, umfundishe adabu yake. Nyumbani kwako hapana kitasa kilicholegea?